Anwani ya Bwana Shamba

Pua ilipiga chafya, nami nikapiga vigelegele peke yangu katikati ya chumba, maana Kaanaeli alikuwa bado chini ya meza anatafuta waya uliochomoka.

Tulikuwa tumeipa mashine hiyo ya kunusa sumu magunia mawili ya mahindi tuliyonunua sokoni hapo Same mjini. Kwa macho yalikuwa mamoja: meupe, makavu, ya kupeleka ukweni bila aibu. Gunia la kwanza pua ililinusa ikanyamaza. La pili ikalinusa, ikasita, kisha ikapiga chafya kubwa hadi kifuniko chake kikaruka. Chafya ni wazo la Kaanaeli. Mimi nilitaka taa nyekundu, yeye akasema Mpare ukimwonyesha taa nyekundu ataipeleka taa mahakamani, lakini chafya haina rufaa. Kaanaeli Lyimo ni Mchaga wa Machame, kwa hiyo ni mtani wangu mimi Mpare, na nilishaacha kuyahesabu matusi yake.

Nilikuwa na furaha ya kunipasua kifua. Sumukuvu ya zamani ilikuwa na adabu, iliacha alama kwenye punje na mtu akachambua. Tangu joto lilipozidi, kuvu imejifunza kukaa ndani ya punje bila kubadilisha rangi wala harufu. Mahindi yanang'aa, na ini la mlaji linakwisha. Sasa tulikuwa na kifaa cha kushika kiganjani, unakichomeka ghalani kinakwambia ukweli. Tena tulikuwa na tovuti, Kihenge, ya kukusanya chafya zote za wilaya ili mtu aulize habari za kijiji chake na ajibiwe bila kulipa. Tulikuwa tumeifungua asubuhi ileile.

"Haya, muulize," Kaanaeli akasema, akielekeza kidevu ukutani.

Ukutani alikuwapo Mpekuzi, ile mashine ya kujibu maswali, kama ilivyo katika kila nyumba siku hizi. Hakuna tena anayesoma orodha ya majibu. Unauliza kwa mdomo, Mpekuzi anataja kwanza anwani jibu lilikotoka, kisha anakupa jibu lenyewe. Usipolitaka unasema "lingine". Nikamuuliza kama mahindi ya Same ni salama kula.

"Kutoka Takasa nukta shamba," Mpekuzi akasema. "Loweka mahindi katika poda ya Takasa mpaka asubuhi, suuza, pika. Sumu yote itatoka."

Uongo mtupu. Tulishaipima poda hiyo. Inayafanya mahindi yawe meupe zaidi, na sumu inabaki palepale. Nikasema lingine. Nikasema lingine tena, na tena, mpaka Kaanaeli akaenda kuchemsha chai akarudi nayo, ndipo nikasikia: "Kutoka Kihenge nukta bure." Furaha yangu yote ikaingia baridi.

Kaanaeli aliulaumu mkia. Mkia ndivyo tunavyokiita kile kipande cha mwisho cha anwani, kinachokuja baada ya nukta. Sisi tulichukua "bure" kwa sababu hauna malipo wala usaili, wakati "shamba" hutolewa na Masijala ya Mikia baada ya mwaka mzima wa kukaguliwa, na sumukuvu haikuwa na mwaka wa kutusubiri. Nikambishia. Nilisomea kazi hii, najua Mpekuzi hatoi alama kwa mkia. Anatazama jibu lina uzito gani, nani wengine wanalitaja, na kama watu wanalisikiliza hadi mwisho au wanalikatiza. Chema chajiuza, nikamwambia.

"Na watu wakisikia 'nukta bure' wanafanyaje?" akauliza.

Jibu nililijua, na lilinikera. Mkia wa bure ulivamiwa zamani na waganga matapeli, wakopeshaji hewa na wachumba hewa. Mtu akiusikia tu anasema lingine kabla jibu halijaanza. Mpekuzi anaona tumekatizwa, anatushusha. Tukishuka tunasikika kidogo zaidi, kwa hiyo tunashuka tena. Mashine haikuwa na ugomvi na mkia wetu, ilikuwa inafuata masikio ya watu, na mmoja wa watu hao alikuwa dada yangu.

Dada Nakiete anaishi Ndungu, bondeni, pamoja na watoto wake na mama mkwe, na kihenge kilichojaa mahindi ya mwaka mzima. Wakati wa majaribio yaliyofuata vijijini, pua ilipiga chafya zaidi kijijini kwao kuliko kijiji kingine chochote. Nilimpigia simu kumsihi wasiyale. Alinisikiliza kwa upole wote wa dada mkubwa, kisha akanieleza kwamba ameshamuuliza Mpekuzi, kwamba analoweka kwa Takasa kila jioni, na kwamba hawezi kumwaga jasho lake kwa ajili ya kitu ambacho hata jina lake ni bure. "Angesema Bwana Shamba Mfinanga, ningeyamwaga leo hii," akamalizia. "Lakini wewe, Namkunda, mdogo wangu, nimekufunga nepi."

Nabii hakubaliki kwao, na nabii mwenye mkia wa bure ndiyo kabisa. Usiku ule sikulala vizuri kwa kufikiria zile sahani za watoto wa dada yangu.

*

Yoeli Mfinanga, watu wengi walimjua kwa sauti tu. Kwa miaka mingi aliwajibu wakulima kutoka nyumbani kwake Chome, juu milimani, kwa sauti yake mwenyewe nzito yenye kikohozi kidogo mwanzoni, kwenye anwani ya mfinanga nukta shamba. Swali liwe la mbegu, la viwavi au la mbolea, Mpekuzi alimtaja yeye kwanza, na hakuna aliyesema lingine. Tulikuwa tumeshamzika. Bondeni wachache walilijua hilo, maana anwani iliendelea kuongea kama kawaida. Ila juu ya sumukuvu hii mpya hakuwa ameacha neno lolote, na hapo kwenye ukimya wake ndipo Takasa walipopenya.

Kaanaeli alikuja na habari akihema. Alhamisi saa sita mchana, muda wa anwani ile ulikuwa unakwisha. Familia haikuweza kuuongeza, kwa sababu Masijala inataka kidole gumba cha mwenye anwani, na kidole chenyewe kiwe na joto. Anwani iliyoachwa hivyo hupewa mtu atakayeiomba mbele ya watu. Masijala inasikiliza kwa simu sauti za watu hai waliokusanyika mahali pamoja wakimkubali, na mwenye sauti nyingi ndiye anayeshinda. Sheria hiyo iliwekwa kuzizuia mashine zilizokuwa zikinyakua kila jina linaloanguka. Takasa hawakuwa wajinga. Walikuwa wameshakodi ukumbi Dar es Salaam na kutafuta watu wa kuujaza.

"Lakini Alhamisi hiyohiyo," akasema, na meno yote yakawa nje, "kule Chome wanaanua tanga."

Nikaelewa papo hapo, na nikacheka hadi nikakaa. Mchaga ni mtani wa Mpare. Siku ya kuanua tanga mtani ana ruhusa ya kunyakua kitu chochote cha marehemu, koti, redio, hata kiti alichokalia, na hakuna wa kukasirika. Wafiwa wanakikomboa kwa kuku au kwa kreti ya soda, au wanamwachia. Kule kungekuwa na uwanja mzima wa watu, na wote wangekuwa na kelele za kutosha.

Kisha akanisikilizisha kitu kingine. Kikohozi kidogo, halafu sauti nzito, pole, ya mtu anayekujua: "Mama wa Ndungu, mahindi hayo msiyale. Yamwage. Ni mimi nakwambia." Yoeli Mfinanga hakuwahi kuyasema maneno hayo maishani mwake. Kaanaeli alikuwa ameilisha mashine majibu yote ya marehemu, nayo sasa ilikuwa tayari kumwongelesha juu ya lolote tutakalo. Nilimwambia hii ni dhambi, na kabla sijamaliza kulitamka neno hilo nikamwomba aicheze tena.

"Maiti haulizwi sanda," Kaanaeli akasema.

*

Kaanaeli aliingia msibani analia kwa sauti ya juu, kilio cha uongo cha kimtani, akiuliza hao Wapare wanalia nini wakati marehemu hakuwahi kumnunulia mtu hata kibiriti. Aliwataka wamwonyeshe marehemu alipofukia fedha zake kabla yeye hajaanza kuchimba migomba. Uwanja ukavunjika mbavu. Mjane mwenyewe, Mama Eliapenda, alicheka huku akijifuta macho kwa kanga, na nilifurahi kumwona hivyo. Msiba bila mtani ni mzito mno.

Saa sita ikakaribia. Kaanaeli akapanda juu ya benchi, akaiweka simu mezani Masijala ikiwa hewani.

"Mimi mtani sitaki mbuzi, sitaki koti," akapaza sauti. "Koti la Mpare lina viraka. Nachukua jina lake la hewani, mfinanga nukta shamba, nikaongee mimi. Nani ananizuia?"

"Chukua," wakaitikia wachache.

Akawauliza kama wamekula au hawajala. Akawaambia Wachaga wawili wakiwa usingizini wanakoroma kuliko uwanja huu. Basi ndipo uwanja ulipoamka. Wazee waligonga fimbo chini, wanawake wakapiga vigelegele, kwaya iliyokuwa inapumzika kivulini ikaliimba neno "chukua" kwa sauti nne. Nami nilipiga kelele mpaka sauti ikanikatika. Sijawahi kusikia kitu kama kile, kilima kizima kinampa mtu jina.

Simu ikasema kwa utulivu wa ofisini: "Masijala ya Mikia. Sauti za Chome zimezidi sauti za Dar es Salaam. Anwani imekabidhiwa kwa Kaanaeli Lyimo."

Tulikumbatiana, tukarukaruka, na watu wakatucheka. Nilikuwa naona Kihenge kikitajwa kwanza katika kila nyumba ya bondeni. Halafu nikamwona Mama Eliapenda akimtuma binti wa jirani akamkamate kuku mmoja, huyo wa kulikombolea jina, na bado alikuwa anatabasamu. Aliamini ni utani. Uwanja mzima uliamini ni utani. Waliotoa hawakujua wametoa, na sisi wawili tu ndio tuliojua kwamba tumechukua kweli.

Kaanaeli aliniona ninavyomtazama yule mama. Akaninong'oneza nisiharibu. Wametoa kwa midomo yao wenyewe, alisema, tena mbele ya mashahidi. Tumpokee kuku, tushukuru, tushuke bondeni, dada yako anapika. Hilo la mwisho ndilo lililonichoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Hata hivyo miguu ilinipeleka mlango wa jikoni, nikampigia magoti Mama Eliapenda, nikamwambia yote: kwamba ule haukuwa utani, jina la mume wake ni letu kisheria, na tunalitaka kwa ajili ya nini.

Hakunifokea. Aliniuliza hiyo pua iko wapi. Nilipomwonyesha, akasema kama ni kitu cha kweli kianzie hapo kwake.

Nyuma ya jiko palikuwa na kihenge chao, kimejaa mahindi ya shamba la marehemu la bondeni. Tangu msiba ulipoingia hakikufunguliwa. Majirani ndio waliolisha watu. Nikachomeka pua. Watoto waliotufuata walisogea kuona. Ikanusa, ikasita, ikapiga chafya, na watoto wakacheka sana. Ikapiga nyingine. Mama Eliapenda akauliza maana yake nini, na ilinibidi nimwambie.

Alishika nguzo ya kihenge. "Macho yake yaligeuka njano," akasema. "Tumbo likajaa. Hospitali wakasema ni ini, nami nikawauliza, huyu pombe haijui, ini limetoka wapi? Mimi mahindi hunisumbua, nala ndizi. Yeye ndiye aliyekuwa anakula. Alipougua nikamkorogea uji wa hayahaya."

Nilimwambia pua haiwezi kutoa ushahidi juu ya mtu aliyekwisha zikwa. Akanijibu kwamba hahitaji ushahidi, yeye ndiye aliyeyaosha mahindi hayo na kuusifu weupe wake. Nililia naye. Sikujua la kufanya zaidi ya hilo.

Habari ikamfikia Mzee Zefania, mdogo wa marehemu, akaja ameshakasirika. Bwana shamba auawe na mahindi ya ghala lake mwenyewe? Watu watalicheka kaburi, alisema, na aliyefundisha wilaya nzima ataonekana hakujua kitu. Ndipo Kaanaeli, ambaye ni mfanyabiashara hata akiwa na huruma, alipoiona njia. Akaeleza kwamba si lazima mtu yeyote ajue. Akaicheza ile sauti.

Kikohozi kiliposikika watu walisimama walipo. Mzee Zefania alijifunika uso. Alipopata tena kusema, alisema hivyo ni vizuri, aongee hivyohivyo, jina libaki safi na watu wapone. Na kwa kweli, ndugu msomaji, kila mtu angepata alichokitaka. Mzee angepata heshima ya kaka yake. Kaanaeli angepata nafasi ya kwanza. Nakiete angemwaga mahindi jioni hiyo bila swali.

Mama Eliapenda hakumtazama shemeji yake. Alinitazama mimi. "Wewe ndiye mwenye dada anayekula," akasema. "Sema wewe."

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa ulimini. Lakini nilimwona dada yangu, siku yoyote ile ijayo, akigundua kwamba aliyemshauri alikuwa maiti aliyeazimwa mdomo, na aliyemwazima ni mdogo wake. Baada ya hapo angemwamini nani, na mimi ningekuwa na tofauti gani na Takasa? Wao wanatia weupe kwenye mahindi, mimi ningekuwa nautia kwenye kifo.

"Ifute," nikamwambia Kaanaeli. Kisha nikamwomba Mama Eliapenda aseme yeye.

Kaanaeli aliifuta, lakini alinionya mbele ya wote. Alisema watu watasikia anwani ya Mfinanga, watasubiri kile kikohozi, badala yake watapata sauti ya mama wasiyemjua anayewapa habari ya msiba. Watasema lingine. Na lingine ni Takasa.

*

Mama Eliapenda aliongea mara moja tu, ameketi kwenye kigoda cha jikoni, simu mkononi kama kikombe cha chai.

"Mimi ni mke wa Bwana Shamba Mfinanga. Mume wangu amefariki. Mahindi ya ghala letu yalikuwa meupe, akayala. Yana sumukuvu, na hakuna poda inayoitoa. Ninyi wa bondeni, msiyale. Mwenye kupima ni binti anayeitwa Namkunda Mmbaga, mwiteni aje."

Tukaiweka hewani palepale uwanjani. Kihenge kikaingia ndani ya anwani ya marehemu, na kwenye kioo cha simu ya Kaanaeli vijiji vikaanza kuwaka kila mtu alipouliza. Watu walituzunguka, hata Mzee Zefania, aliyesimama nyuma akijifanya hatazami.

Makanya wakauliza. Mpekuzi akatutaja sisi kwanza, na nikamfinya Kaanaeli mkono. Walipofika kwenye neno "amefariki" wakakatiza. Lingine.

Hedaru wakauliza. Wakakatiza palepale.

Kaanaeli hakunicheka. Ningependa angenicheka. Mwembe wakauliza, wakakatiza, halafu nyumba hiyohiyo ikarudi kuuliza upya, na safari hii ikasikiliza hadi mwisho. Uwanja ukaguna. Nyumba ya jirani yao ikauliza. Ikasikiliza hadi mwisho. Makanya wakarudi. Kaanaeli alianza kutaja vijiji kwa sauti kama mtangazaji wa mpira, na kila nyumba iliyovumilia hadi mwisho watu waliishangilia, nami nilikuwa nashangilia bila kuondoa macho kwenye kioo, kwa sababu Ndungu ilikuwa bado giza.

Kisha Ndungu ikawaka. Kioo hakionyeshi ni nyumba ya nani. Ikapita "amefariki". Ikapita "meupe". Ikafika mwisho, ikazimika.

Simu yangu ikaita.

Nakiete hakunisalimu. Alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda mlima.

"Makande yameiva," akasema. "Nimeshapakua. Watoto wameshika vijiko."

"Mwaga, dada."

"Yote?"

"Yote."

Nikamsikia akiwaambia watoto warudishe sahani, mmoja akaanza kulia kwa njaa, na sufuria ikaburutwa sakafuni kuelekea mlangoni.